Giaboksi ya Firdausi

Sijawahi kuona kitu chenye majidai kama kile kigari. Kimeinuliwa juu kidogo, kimezungushiwa plastiki nyeusi kwenye kingo za matairi ili kifanane na magari ya porini, na juu ya paa kimebandikwa reli za kubebea mizigo ambazo ukiziwekea mkungu wa ndizi zinapinda. Ukifungua boneti unakuta injini ya kuendeshea cherehani, nayo imefunikwa mfuniko wa plastiki, nadhani kwa aibu. Ndicho alichonunua mwanangu Firdausi bila kuniuliza mimi, Zahoro bin Mwinyijuma, baba yake mzazi, niliyeendesha magari ya serikali miaka thelathini na moja katika barabara ambazo ng'ombe wenyewe walizikataa.

Alikileta nyumbani kwetu Kisarawe Jumapili moja ya mwezi wa sita. Akakiegesha mbele ya baraza, akapiga honi mara mbili. Mke wangu Biubwa akatoka na vigelegele kana kwamba kazaliwa mjukuu.

"Shikamoo baba," Firdausi akasema, anacheka meno yote nje.

"Marahaba. Hiki ni nini?"

"Gari, baba."

Nikakizunguka. Nikagonga bampa kwa kidole, ikalia kama ndoo tupu. Nikamuuliza kina gia ngapi.

"Hakina gia za kuhesabu. Kina mkanda tu ndani, unajipanga wenyewe."

"Mkanda," nikamwambia Biubwa. "Binti yako kanunua suruali."

Biubwa alicheka. Firdausi hakucheka, na mimi nikaona raha, maana mtu akinunua takataka ni vizuri aambiwe mapema. Ndivyo nilivyokuwa naona siku hizo.

Lakini hakukinunua kwa ajili ya kujionyesha, hilo nilijua. Miaka sita alikuwa akishona midomo ya viroba kwenye kiwanda kimoja cha wanga wa muhogo kule Zegereni, Kibaha. Anasimama kutwa, anavuta vumbi jeupe, jioni anarudi chumbani kwake na nyusi za bibi kizee. Mwaka huu wakubwa wake wakamwambia wanatafuta mtu wa kununua muhogo huku kwetu wilayani, mtu anayejulikana na wakulima na mwenye usafiri wake. Ununuzi wa kwanza utakuwa Chole, Jumamosi inayofuata. Ukienda vizuri, kazi ni yake. Ukienda vibaya, arudi kwenye viroba. Ndipo akatoa akiba yake yote akanunua kile alichoweza kukimudu.

Chole ni kwetu. Mwenyekiti wa wakulima kule ni Matano, mtoto wa baba yangu mdogo. Mimi mwenyewe nilimpigia simu nikamwambia Ijumaa wang'oe, Jumamosi asubuhi mwanangu atafika na mizani na lori la kiwanda. Anayejua muhogo anajua kwamba ukishang'olewa haukusubiri. Siku ya pili unaanza kupiga michirizi ya buluu ndani, siku ya tatu hata nguruwe anaunusa mara mbili. Kaya themanini zingeng'oa kwa neno langu na la binti yangu.

Kigari chenyewe kilikuja na maradhi yake. Kikisimama kwenye taa kinatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinaonyesha magari mawili. Kikipanda mlima kinakohoa. Na chini kwa chini kina mlio, mwembamba, kama mbu aliyeingia sikioni. Firdausi kwa sababu ya kazi hakuwa na nafasi ya kwenda gereji, basi akanipa mimi funguo na laki nne na nusu. Akaniambia, "Baba, mpelekee fundi Mashauri pale Maili Moja, na atakalosema ndilo lifanyike."

Atakalosema Mashauri! Mimi niambiwe na Msukuma namna ya kutunza gari.

Hapa lazima nieleze kidogo. Mashauri ni Msukuma wa Shinyanga, baba yake alishuka huku Pwani na ng'ombe, mtoto akaacha fimbo akashika spana. Sisi Wazaramo na wao ni watani tangu babu zetu. Maana yake, akiniona ni lazima anikejeli, na mimi nisipomrudishia nimemvunjia heshima. Tumejuana miaka ishirini na miwili na hajawahi kuniamkia hata siku moja, ingawa nimemzidi umri kwa miaka kumi na mitatu. Ananiita mtumwa wake, nami namwita mchunga ng'ombe. Mama yangu alipofariki, Mashauri aliruka kaburini akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo na elfu kumi. Watu walicheka huku wanafuta machozi. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na siku ile aliifanya vizuri kuliko ndugu zangu wa damu waliokuja kula tu.

Basi Jumanne nikaingia gerejini kwake.

"Mtumwa wangu huyo!" akapiga kelele kutoka chini ya lori. "Leo kaja na jeneza la plastiki!"

"Nimelileta kwa mchunga ng'ombe," nikajibu, "kwa kuwa mafundi wa kweli wote wako kazini."

Gereji nzima ikacheka. Mashauri akachomoka chini, akajifuta mikono, akachomeka kimashine chake chini ya usukani. Siku hizi mafundi hawasikilizi injini, wanasoma. Namba zikatokea kwenye kioo kidogo, naye akazisoma kwa uso mzito kama daktari aliyepata mgonjwa tajiri.

"Maunting moja ya injini imekatika, ndiyo inayotetemesha. Ya mtumba elfu sabini. Koili moja imekufa, ndiyo inayokohoza, elfu themanini. Bushi za mbele zimechoka, lakini hizo zinaweza kungoja mwezi ujao. Na giaboksi inataka oili mpya. Ndiyo huo mlio."

"Oili bei gani?"

"Lita nne. Elfu arobaini na tano kila lita. Haipo hapa, naiagiza Kariakoo, Alhamisi inafika."

Nikapiga hesabu. Laki moja na elfu themanini kwa oili! Nikamuuliza imekamuliwa na malaika?

"Ni ya giaboksi za mkanda tu, mtumwa. Ya kijani. Haibadilishwi na nyingine."

"Mimi nitaweka haidroliki nyekundu," nikasema. "Elfu kumi na mbili lita. Nimeiweka kwenye magari ya serikali miaka yote na hakuna lililolia."

"Weka!" Mashauri akapiga makofi. "Weka hata rojo la kisamvu, si mwenyewe Mzaramo? Mkanda utateleza, kilima cha kwanza tu utakisukuma hiki kigari kama ng'ombe mgonjwa, na mimi nitakuja kula ubwabwa wa matanga!"

"Ukija njoo na maziwa, maana ubwabwa wetu hatuwapi watu wanaonuka zizi."

Mafundi walishika mbavu. Mmoja alilazimika kukaa kwenye tairi. Mashauri naye alicheka mpaka akakohoa, akanipiga bega, akaingia chini ya kigari kufunga maunting.

Sasa ndugu msomaji, niambie. Kauli hiyo ya mkanda kuteleza angeitoa mtu baki, kwa sauti ya chini, ningeuliza mara ya pili. Lakini mwezi uliotangulia mtu huyuhuyu aliniambia nikiendelea kula korosho nitaota mkia. Ningejuaje kwamba safari hii katikati ya kejeli alikuwa ametia dawa? Nikaondoka na koili mpya, maunting ya mtumba na kicheko tumboni. Alhamisi sikuwa na mpango wa kurudi.

Jumatano asubuhi nililala chini ya kigari nyuma ya nyumba, pale kwenye banda la kuku. Sikuwa na debe, nikachukua beseni la Biubwa la kuoshea mchele. Nikafungua nati ya chini, oili ikashuka. Ilikuwa kweli ya kijani, imeingia weusi. Nikainusa, nikaidharau. Nikamimina nyekundu, lita nne, zikaingia bila matata. Nikawasha, kikaondoka. Nikakizungusha mpaka stendi na kurudi. Mlio wa mbu ulikuwa umepungua, nami nikajisemea kuna watu wamesoma magari na kuna watu wameyaishi.

Biubwa akatoka jikoni. "Zahoro, hilo beseni langu?"

"Nitakununulia jingine."

"Lipi? Na shati hilo nani atalifua?"

Wanawake huwezi kuwaeleza mambo ya giaboksi. Nikasukuma beseni nyuma ya banda, nikalifunika kipande cha bati.

Alhamisi nikampelekea Firdausi gari lake Kibaha, pamoja na chenji. Nilimhesabia noti mkononi polepole, makusudi. "Nimekuokolea laki moja na thelathini na mbili kwenye oili tu," nikasema.

Akaziangalia zile noti. "Na ni Mashauri aliyeiweka oili, baba?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Lakini ningesema hapana angeuliza kwa nini, na ningeeleza, na yeye angesema "lakini baba" kwa ile sauti yake ya mtu aliyefika kidato cha nne. Sikuwa na hamu ya "lakini baba".

"Ndiyo," nikasema. "Ni yeye."

Ijumaa jioni alikuja kulala kwetu. Mizani ya kiwanda alikuwa ameilaza kwenye viti vya nyuma, ameifunga blanketi kama mtoto. Kitabu cha stakabadhi kilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, na peni tatu. Alikunja nguo zake mara mbili, akazikunjua, akazikunja tena. Matano alipiga simu kusema muhogo umeshatoka ardhini, umerundikwa kando ya barabara, kaya zote themanini hakuna aliyebaki nyuma. Firdausi alimjibu kwa heshima, halafu akakaa na simu mkononi anatabasamu peke yake.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Nilikaa kiti cha mbele, maana sikumwamini yeye wala kigari chake. Mpaka Masaki, ile ya kwetu Kisarawe, kilikwenda. Baada ya Maneromango, mchanga ulipoanza kuwa mzito, mlio ukarudi. Haukuwa tena mbu. Sauti ya injini ilipanda juu, gari lenyewe likabaki palepale linatambaa.

"Baba, linavuma lakini haliendi."

"Kanyaga," nikasema.

"Fundi Mashauri aliwahi kuniambia gari la hivi nisilikanyage kwa nguvu kwenye mchanga."

"Mashauri yuko wapi? Kanyaga! Gari halibembelezwi."

Akakanyaga. Mbele yetu kulikuwa na kilima, si kilima hata, ni kimwinuko ambacho gari langu la zamani lingekipanda likisinzia. Kigari kililia, kikaruka mara mbili, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, halafu na nyekundu. Harufu ya kuungua ikajaa ndani. Kikaanza kurudi kinyumenyume taratibu mpaka kikakaa kwenye mchanga, kikatulia. Firdausi alikanyaga tena. Injini ilinguruma vizuri kabisa, na matairi hayakusogea hata unywele.

Ilikuwa saa mbili asubuhi.

Nikashuka. Nikasukuma. Ndiyo, nilikisukuma, kama ng'ombe mgonjwa, na maneno hayo yalinijia kichwani wakati mgongo unauma. Firdausi akainama kutazama chini ya injini. Tone moja jekundu lilianguka kwenye mchanga mweupe, likafuatiwa na jingine. Nati yangu sikuwa nimeikaza vizuri.

Akampigia Mashauri, akaweka sauti ya nje.

"Fundi, gari limekufa njiani. Injini inavuma, matairi hayazunguki. Ulinitilia oili gani?"

Mashauri akauliza, "Inavuja?"

"Inavuja."

"Rangi gani?"

"Nyekundu."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya gari, mikono bado iko kwenye buti.

"Mzee yupo hapo?" Mashauri akauliza.

"Yupo."

"Hebu nipe niongee naye."

Firdausi alininyooshea simu. Mimi nikatikisa kichwa, nikamwonyesha mkono, kama mtu aliyeshughulika sana. Mtu mzima wa miaka sitini na mitatu, nashughulika na buti lililofungwa. Firdausi akarudisha simu mdomoni na kumwambia Mashauri maneno ambayo sikudhani anayajua. Alimwambia amempa kazi kwa kumwamini, na yeye amemwekea oili ya bei chee makusudi, gari life apate kumtoza tena. Nilisikia kila neno. Mashauri akamwacha amalize.

Bodaboda tuliowapigia simu walikuwa mbali, na wa kwanza kupita alipita saa saba mchana. Firdausi akapanda na mizani imefungwa nyuma yake kwa mpira, kitabu cha stakabadhi kifuani. Mimi nikabaki na kigari. Alfajiri Chole ilikuwa mbele yetu kama chai mezani, sasa imekuwa safari. Lori la kiwanda, lililopitia njia nyingine, lilimsubiri mpaka saa nane, dereva akasema analipwa kwa tripu, si kwa kukaa, akaondoka tupu. Firdausi alifika saa tisa.

Alirudi jioni na bodaboda yuleyule, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamuuliza ilikuwaje.

"Baba mdogo Matano alinipa maji ya kunywa," akasema. "Hakuna aliyenitukana."

Alikaa kwenye mchanga kando ya gurudumu. Hakulia. Mimi nilitaka alie, ningepata la kufanya.

Wachuuzi walikwenda Chole siku ya pili yake wakanunua robo ya muhogo kwa bei ya kuokota. Uliobaki ulipiga buluu, watu wakaanika walichoweza na kutupa walichoshindwa. Kazi ya ununuzi ilipewa kijana mmoja wa Kibaha mwenye pikipiki. Pikipiki! Firdausi akarudishwa kwenye viroba, na kigari kikavutwa kwa kamba mpaka mbele ya baraza yangu, ambapo kuku walikigeuza kuwa nyumba ya ghorofa. Fundi mwingine alikuja kukitazama. Akasema mkanda umekula vyuma, giaboksi imekwisha, ya mtumba ni milioni moja na laki tisa bila ufundi. Nusu ya bei ya gari lenyewe.

Firdausi hakunilaumu mimi. Alimlaumu Mashauri, na alimlaumu hadharani. Aliandika kwenye kundi la simu la madereva wa Zegereni kwamba fundi wa Maili Moja ni mwizi, kamharibia gari na kazi. Magari matatu ya viwanda yaliyokuwa yakitengenezwa kwake yakahamia kwingine wiki ileile. Mashauri alinipigia simu mara nne. Nilikuwa naitazama simu inavyotetemeka juu ya meza mpaka inyamaze. Biubwa aliniuliza kwa nini sipokei, nikasema ni watu wa matangazo.

Siku nane niliishi hivyo. Nilikuwa nakwenda msikitini, nakaa barazani, nawaeleza watu kwamba mafundi wa siku hizi ni wezi watupu, wanasoma namba kwenye kioo, hawana mikono. Wazee wenzangu waliitikia. Nyani haoni kundule, na mimi nililikalia langu barazani, mbele ya kile kigari, nikifundisha watu.

Jumapili ya pili Firdausi alikuwa nyumbani, amejilaza kwenye mkeka, simu mkononi. Anamwandikia Mashauri kwamba asipomlipia giaboksi atakwenda polisi. Nilimwambia, "Mwache tu, Mungu atamlipa." Angalia uchafu wa kauli hiyo.

Biubwa alikuwa na shughuli ya kupika pilau la hitima ya jirani. Alikuwa anatafuta kitu huku na huku, nikamsikia nyuma kwenye banda, bati linaburutwa. Nilisimama, lakini alishazunguka nyumba. Amebeba beseni lake la mchele kwa mikono miwili, amelitenga mbali na kanga.

"Zahoro! Hili ndilo ulilosema utaninunulia jingine? Tazama! Litatoka hili? Litatoka kwa sabuni gani?"

Akalibwaga mbele ya mkeka. Ndani kulikuwa na oili ya kijani, imeingia manyoya ya kuku.

Firdausi akainuka akaketi. Akachovya kidole, akakitazama kwenye jua. Kijani. Akanitazama mimi.

"Baba," akasema, "Mashauri alikuja lini hapa kumwaga oili?"

"Mashauri gani?" Biubwa akadakia. "Baba yako ndiye aliyelala chini ya gari Jumatano nzima. Shati mpaka leo halijatakata."

Nilikuwa na miaka thelathini na moja ya udereva, na beseni moja likaifuta yote.

Firdausi hakupiga kelele. Laiti angepiga. Akafuta kidole kwenye ukindu wa mkeka, akafuta vizuri, kisha akanyoosha mkono.

"Funguo, baba."

Zilikuwa mfukoni mwangu. Gari limekufa, halitembei, na mimi bado nilikuwa natembea na funguo zake. Nikampa. Akachukua simu akaandika kwenye lile kundi la madereva, huku anasoma kwa sauti ili nisikie: "Ndugu zangu, naomba radhi. Fundi Mashauri hana kosa. Oili aliweka baba yangu mzazi, na mimi nikamsingizia fundi." Majibu yakaanza kumiminika, simu inalia papo kwa papo. Hakunisomea. Biubwa alikuwa ameshika mdomo.

"Kesho natoka kazini saa tisa," Firdausi akasema. "Nikukute Maili Moja. Utasema mwenyewe, mbele ya mafundi wake."

Usiku ule nilijipa moyo, na niliutoa kwenye utani. Nilifikiria Mashauri atanitukana mpaka masikio yawashe. Ataniita mtumwa mjinga, atadai ubwabwa wake wa matanga, atasema hata ng'ombe wake wangejua kusoma rangi ya oili. Mafundi watacheka, nami nitacheka, nitalipa faini ya jogoo, yatakwisha. Kwa watani hakuna kosa lisilofutika kwa tusi zuri. Nililala nikimwandalia la kumrudishia.

Nilifika gerejini saa tisa na nusu, na jogoo nimemfunga miguu. Firdausi alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na sare yake, vumbi la wanga bado kwenye nyusi. Uwanja ulikuwa na nafasi kubwa. Pale yalipokuwa yanakaa magari ya viwanda palikuwa na alama za oili tu. Mashauri alikuwa chini ya pikapu moja kuukuu, miguu tu ndiyo inaonekana.

Nikasubiri "mtumwa wangu huyo". Viatu vyangu alivijua. Spana ikaendelea kugonga.

Basi nikasema kwa ile miguu. Nilisema mbele ya mafundi wote kwamba oili nyekundu niliiweka mimi, kwamba nilimdanganya mwanangu kuwa ni Mashauri, kwamba simu zake niliziona nikaziacha zilie. Nilisema ni mimi niliyemwambia binti akanyage. Kuku alikuwa anapapatika mkononi mwangu, ikabidi niseme kwa sauti. Hakuna aliyecheka. Yule aliyekaa kwenye tairi siku ile alikuwa anatazama chini.

Mashauri akatoka taratibu. Akasimama, akachukua kitambaa, akafuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Uliposema utaweka nyekundu," akasema, "nilidhani unanitania."

"Na mimi nilidhani wewe unanitania."

Akatingisha kichwa. Akamgeukia Firdausi, akamwambia kwa upole kuna giaboksi moja ya mtumba ameiona Kariakoo, safi, atamfungia bila kumtoza ufundi, alipe kidogo kidogo. Firdausi akasema asante fundi, naomba unisamehe, Mashauri akasema yamekwisha, mwanangu, wewe uliambiwa uongo.

Nilikuwa bado nimesimama na jogoo. Nikaona ni zamu yangu kuanzisha, labda anangoja.

"Haya, mchunga ng'ombe," nikasema, nikajilazimisha kucheka. "Sema basi. Tukana. Jogoo huyu hapa, ubwabwa utakuja."

Mashauri alinitazama kama anavyomtazama mteja mgeni aliyeshuka kwenye basi akaulizia njia. Hakuwa na hasira hata kidogo. Akakunja kile kitambaa, akakiweka juu ya boneti, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Mama yangu alipokufa huyu mtu alilala kaburini mwake akamtania maiti. Firdausi alikuwa ananitazama, na mafundi wote wananitazama.

"Marahaba," nikaitikia.